Ungo wa Corinne Weidman

Corinne Weidman huchagua hadithi za kusomesha watoto kama wengine tunavyochagua tikiti maji: anagonga ganda, anatega sikio, ananunua. Ndani kuna nini, hajui. Nimefahamiana naye miaka kumi, na miaka yote hiyo nimemdharau, na kwa umri wangu huu wa miaka sitini na mitatu, na goti langu hili bovu, sioni faida ya kuficha.

Kazi yangu ni hii. Huku Pennsylvania mzazi akiamua kusomesha watoto wake nyumbani, sheria inamtaka kila mwaka, kabla Juni haijaisha, apeleke jalada la kazi za mtoto kwa mwalimu mwenye cheti. Mwalimu analipitia, anazungumza na mtoto, kisha anaandika barua kwamba mtoto anapata elimu inayofaa. Mimi ndiye mwalimu wa familia thelathini na ushei za wilaya ya Perry. Wanakuja jikoni kwangu na makasha yao ya plastiki, nawapa chai baridi ya mnanaa, nafungua majalada, naona maajabu. Kuna mama aliyeandika kwamba kukamua mbuzi ni somo la fizikia. Nikasaini, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa na akili.

Lakini Corinne alinikera kuliko wote. Ana watoto sita, sketi ya jinzi inayofagia vumbi, na mikate ya chachu anayoigawa hata kwa wasioitaka. Kila mtu kwake ni dada au kaka. Mimi si dada yake. Kila Septemba huwatumia akina mama wote wa kikundi chetu orodha yake ya hadithi fupi bora za kale, kumi na mbili za mwaka mzima wa masomo kwa kijana wa kidato cha juu, na wale akina mama, ambao hata nafasi ya kuchana nywele hawana, wanamshukuru mpaka machozi yanawatoka.

Orodha hiyo hupita kwanza kwenye kitu anachokiita ungo. Ungo ni fomu ya ukurasa mmoja. Kuna ulevi? Kuna uzinzi? Kuna mizuka? Baba wa nyumba anachekwa? Kuna anayekufa, na kama yupo, alikuwa mzee wa kutosha? Hadithi ikikosea mara tatu inatupwa. Mwaka fulani nilikaa nikahesabu. Katika hadithi kumi na mbili za watu waliopitia vita, magereza na ndoa mbovu, waliokufa walikuwa bibi mmoja na farasi.

Na hapo sijasema lililo baya zaidi. Corinne hasomi hizo hadithi. Anasoma ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, basi. Alinitamkia mwenyewe kwenye chakula cha mchana cha kanisa, sahani ya viazi mkononi, bila haya hata kidogo.

"Katikati hapana neno, dada Arlene. Mtoto akitoka salama mwishoni, ametoka salama."

Nilitaka kumwuliza kama hata sandwichi anakula hivyo, mkate wa juu na mkate wa chini. Nilienda nyumbani nikacheka peke yangu, na kucheka peke yako hakunogi.

Kama angekuwa anaharibu karatasi tu, ningemwacha na ungo wake. Ila kulikuwa na Keturah, binti yake wa tatu, miaka kumi na sita, msichana mrefu mwenye wino kwenye vidole na tabia ya kukuangalia mpaka ujiulize umekosea wapi. Huyo alikuwa na kichwa. Nilikuwa nimekiona tangu ana miaka sita, na kila Juni nilimwonea huruma kwa chakula alicholishwa.

Mwaka huu chuo cha mjini kilitangaza nafasi mbili kwa vijana waliosomeshwa nyumbani, wasome kozi za chuo siku mbili kwa wiki bila malipo, mradi hawajatimiza miaka kumi na saba. Keturah alivuka mchujo wa kwanza. Kulibaki mahojiano, siku ya Alhamisi, na mahojiano yenyewe yalikuwa juu ya orodha ya hadithi alizosoma: profesa anachagua yoyote anayotaka, mnaizungumza. Orodha ya mama yake ilikuwa imeshatumwa. Kilichokosekana ni barua yangu tu. Hiyo ndiyo iliyowaleta kwangu Jumatatu saa nane mchana.

"Hodi, dada Arlene! Bwana asifiwe! Umependeza!"

Sikuwa nimependeza. Nilikuwa na aproni yenye doa la molasi. "Karibuni," nikasema. "Vueni viatu, nimetoka kupiga deki."

Corinne aliweka kasha mezani, akaweka na mkate wake, akakaa. "Safari hii ungo umefanya kazi, dada. Hadithi kumi na mbili, na hakuna hata moja ya kumtia mtu aibu."

"Umezisoma?"

"Nimezipitia."

"Sikuuliza hivyo."

Akacheka kile kicheko chake cha kanisani, kisichokuwa na kitu ndani yake. Mimi nikamgeukia binti. Nina hila moja ya zamani: simwulizi mtoto amependa hadithi gani, kwa sababu atakupa jibu unalolitaka. Namwuliza iliyomkera.

"Keturah, mwanangu, katika hizi kumi na mbili, ipi ilikuudhi?"

Alimtazama mama yake kwanza, halafu akanitazama mimi. "Ya mjane na barua, Bi Hostetter."

"Heh!" Corinne akaruka. "Lakini hiyo ndiyo nzuri kuliko zote! Mwisho wake ulinitoa machozi."

"Ndiyo, Mama. Huo mwisho ndio ulioniudhi."

Naijua hadithi hiyo. Ni ya zamani, kurasa tisa tu. Mjane anaishi peke yake karibu na kinu cha maji. Mwanawe aliondoka baada ya ugomvi. Kila mwaka inakuja barua kutoka kwake, na kila mwaka mama haifungui, anaichomeka nyuma ya saa ya ukutani. Nilijifanya nakunywa chai.

"Kurasa nane nzima huyu mama hasemi na mtu," Keturah alisema. "Hata paka wake hana jina. Mwandishi hasemi kwamba mama ana huzuni, anakuonyesha tu vumbi kwenye kiti cha pili. Mpaka nikaanza kuogopa kile kiti. Halafu ukurasa wa tisa, ghafla bin vuu, mama anafungua barua, anaimba, mwana anarudi Krismasi, kila mtu analia kwa furaha na kuna bata mzinga mezani. Bata mzinga, Bi Hostetter! Katokea wapi? Huyu mama alikuwa anakula uji."

"Watu hubadilika," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Hawabadiliki kwa aya mbili. Aliyeandika zile kurasa nane hakuandika ile ya tisa. Ni mtu mwingine. Na huyo mtu ni mwoga, anaogopa tusije tukahuzunika. Na kuandika hajui. Neno 'furaha' kaliandika mara nne kwenye aya moja."

"Keturah! Adabu!"

"Namsema mwandishi, Mama. Simsemi mtu aliyepo hapa."

Nikaomba nione kitabu. Alikitoa kwenye kasha: jalada la kijani lililofifia, na kona moja ya chini imetafunwa. Sikuwa na haja ya kukifungua. Mbwa aliyetafuna kona ile alikuwa wangu.

Sasa nitasema, na mtu asinionee huruma, maana sistahili. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na binti wa miaka kumi na mitano, Maribeth, mtoto wangu wa pekee, na nilikuwa nikimsomesha hapahapa mezani. Baba yake alikuwa amefariki Januari ile, kabla hawajapatana kwa jambo dogo walilogombana. Nilipofika kwenye kitabu hiki cha kijani nikaona hadithi saba ambazo mtu anakufa kabla ya kusamehe au kusamehewa. Ningeweza kuziruka. Ningeweza kukaa naye tukazisoma, tukalia. Badala yake nilikwenda kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, nikatunga miisho saba mipya, nikatafuta herufi zinazofanana na za kitabu, nikachapa, nikakata kwa wembe, nikabandika. Nilijiona fundi. Nilijiona mama bora kuliko wote wilayani.

Maribeth alipofika chuo kikuu, mwezi wa kwanza tu, wakapewa hadithi ya mjane. Akanyoosha mkono akazungumzia bata mzinga. Darasa zima likamcheka. Alinipigia simu akiwa kwenye ngazi za bweni. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, ni hadithi ngapi?"

"Hiyo moja tu, mwanangu," nikamjibu.

Aliendelea kuzigundua moja moja kwa miaka minne. Alipoigundua ya saba hakupiga simu. Sasa yuko Oregon, ana miaka thelathini na minne, na kila Krismasi naletewa kadi yenye jina lake lililochapwa kiwandani, bila hata nukta ya kalamu.

Kitabu chenyewe kilikaa kwenye kabati kikinitazama, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ni sisi tu, watu wa kusomesha nyumbani, tunaoweza kulifanya. Ningekichoma. Lakini kwetu kitabu hakichomwi wala hakitupwi. Kila Mei, kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa kanisa, tunauziana vitabu vilivyotumika, na majibu ya watoto wetu yakiwa bado yameandikwa ndani kwa penseli. Nikakifuta vumbi, nikakibandika bei ya dola tatu, nikakiacha mezani na kwenda jikoni kugawa pai, nisimwone mnunuzi. Balaa langu nikampa mwenzangu kwa bei nafuu.

"Hiki mlikipata wapi?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Kwenye soko la vitabu la kanisa, zamani, mwaka mmoja kabla hujaanza kunikagulia watoto," Corinne alisema kwa fahari. "Nilifungua mwisho wa hadithi hii, safi. Nikafungua mwisho wa nyingine, safi. Nikasema, Bwana ameniletea. Mwaka huu saba nzima zimetoka humo."

Nikaelewa mzaha ulivyokuwa. Yule mwanamke asiyesoma ila kurasa za mwisho alikuwa amekutana na kitabu ambacho kurasa za mwisho ndizo zilizoghushiwa. Kwa miaka kumi nilikuwa nimeucheka ungo wake, kumbe unga niliuchezea mimi.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Barua ilikuwa mbele yangu, imeshaandikwa, inangoja jina tu. Ningesaini wakaenda zao. Alhamisi profesa angemwuliza juu ya mjane, na Keturah, kwa kile kichwa chake kizuri, angemshambulia mwandishi aliyekwishakufa kwa ajili ya bata mzinga wangu. Profesa angetabasamu. Nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine, na mimi nisingeulizwa kitu.

Keturah alikuwa amekichukua kitabu. Alipitisha kidole gumba pembeni mwa ukurasa wa tisa, taratibu. "Huu ni mnene kuliko mingine," alisema. "Nilidhani ulichanika ukazibwa. Lakini ni karatasi juu ya karatasi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Nani aliibandika?"

"Mimi," nikasema. "Kitabu kilikuwa changu. Mwisho huo niliutunga mimi, nikamfanyia binti yangu."

Corinne alishusha bilauri yake. Keturah hakuonekana kushangaa sana. Alikuwa ananiangalia kwa namna yake ileile, nami nikajua atauliza nini kabla hajafungua mdomo.

"Ni hadithi ngapi?"

Nilikuwa nimepewa miaka kumi na sita ya kujiandaa kwa swali lile.

"Saba," nikasema. "Zote saba za kitabu hiki zilizomo kwenye orodha yako."

Corinne akasimama. Sikuwahi kumwona bila tabasamu, na nikagundua ana uso wa mtu. "Na wewe ndiye unayetukagua," alisema. "Wewe! Kila Juni unanitazama kama kitu ulichokikanyaga njiani. Unadhani sioni? Naona, dada Arlene. Nakuja na mkate, natabasamu, nakwenda nyumbani nalia ndani ya gari. Nasema moyoni, yule mama kasoma, acha anidharau, ana haki yake. Kumbe!"

"Keturah, fungasha. Hatuendi hayo mahojiano. Nitawapigia simu, tutajaribu mwakani na hadithi nyingine."

"Mwakani nitakuwa nimepita umri, Mama."

"Basi!"

"Mama. Leo ni Jumatatu. Nipe tu miisho yenyewe."

Nilikuwa nayo. Maribeth alipoacha kupiga simu nilinunua nakala nyingine ya kitabu kilekile, nzima, nikaiweka juu ya jokofu nyuma ya makopo ya unga, na sikuwahi kuifungua. Nikaishusha, nikaifuta, nikaiweka mezani.

Corinne, kwa hasira zote zile, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wake ukatoa fomu. "Kuna anayekufa?" aliuliza, kalamu tayari.

Nakiri kwamba hata wakati ule, nikiwa nimevuliwa nguo mbele yao, dharau ilinipanda kooni. "Yupo."

"Mzee wa kutosha?"

"Soma ujue," nikasema, nikamsukumia kitabu. "Soma mwenyewe, Corinne. Mara moja tu katika maisha yako, soma na katikati."

Keturah akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi Hostetter, acha."

Sikuelewa, nikadhani anamwonea mama yake haya tu. Corinne alikaa. Alikivuta kitabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Neno, kituo, neno. Akipotea anarudi nyuma. Herufi za maneno marefu alizikata vipande vipande akaviunga tena, na mara nyingine vikakataa, akajaribu tena, jasho likimtoka juu ya mdomo. Ukurasa mmoja ulimchukua karibu robo saa. Binti yake alikuwa anaangalia meza, na pale mama alipokwama kabisa alilitaja neno polepole bila kuinua macho, kwa namna ya mtu aliyefanya hivyo tangu utoto.

"Herufi zinanichezea," Corinne alisema, bila kumtazama yeyote. "Tangu darasa la kwanza. Baba alinitoa shule nikasaidie zizini, nikashukuru. Nasoma wa kwanza na wa mwisho kwa sababu ndio ninaoweza kuumaliza kabla watoto hawajaamka."

Watoto sita. Wawili wa kwanza nilikuwa nimewasainia mimi mwenyewe, mmoja ni muuguzi na mwingine anasoma sheria. Alikuwa amewasomesha kwa kidole kile.

Ningependa kusema dharau yangu iliisha pale pale. Haikuisha. Iligeuka tu ikanitazama mimi, na haikuwa na adabu zaidi kwangu kuliko ilivyokuwa kwake.

"Pumzika," nikamwambia. "Nitasoma mimi."

"Wewe kaa kimya," alisema. "Umeniambia nisome."

Akasoma kurasa zote tisa. Chai ikapata moto mezani, kivuli cha ghala kikafika kwenye kibaraza. Alifika pale ambapo mjane anakufa, na majirani wanakuja kufagia nyumba, wanazikuta barua kumi na nne nyuma ya saa, wanazifungua. Kidole cha Corinne kilishuka kwenye mstari wa mwisho. Kila barua ilikuwa na maneno mawili tu, yaleyale.

"Mama," alisoma. Akapumua. "Ni-je. Nije. Mama, nije?"

Alibaki ameinama. "Kumbe alikuwa anauliza tu," alisema. "Miaka yote hiyo alikuwa anauliza tu, na yule mama..." Akafuta uso kwa kiganja, akaiona fomu yake kando, akaikunja mara mbili bila kuandika kitu. "Siyo mzee wa kutosha," akasema. "Hakuna aliye mzee wa kutosha."

"Ndiyo yenyewe," Keturah alisema. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa hasira na furaha pamoja. "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta mwaka mzima."

Corinne akanigeukia. "Binti yako alisomeshwa ule wa bata mzinga?"

"Ndiyo."

"Alipojua, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ilikuwa moja tu."

Akanitazama kwa muda. Nimewatazama watu hivyo maisha yangu yote, sikuwahi kujua kunavyochoma. "Mimi kusoma kunanishinda," alisema. "Wewe unaweza, na ukafanya hivi."

Nikasaini barua. Keturah akachukua kitabu kizima kwa mikono miwili, na Corinne, mlangoni, hakuniita dada.

Nilisikia baadaye kwamba siku tatu zile walizisoma hadithi sita zilizobaki, Corinne kwa sauti, watoto wote waliobaki nyumbani wakisikiliza, hata yule wa miaka saba, na katika moja kulikuwa na walevi wawili. Mahojiano yalifanyika Alhamisi. Nilikuwa nimejiandalia fedheha au msamaha, nisijue kipi, lakini profesa hakuuliza hata moja katika saba zangu. Aliuliza moja ya zile tano za vitabu vingine, ile ya farasi. Keturah alipata nafasi.

Jumatatu iliyofuata nilikikuta kitabu cha kijani kwenye sanduku langu la barua, ndani ya mfuko wa mkate. Hakukuwa na mkate. Kulikuwa na karatasi yenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, moja moja, na kalamu imekandamizwa mpaka ikatoboa: HIKI NI CHAKO.

Nilichemsha birika, nikaushika ukurasa wa tisa juu ya mvuke, nikaubandua ule mwisho wangu na bata mzinga wake na furaha zake nne. Ulitoka na nusu ya maneno ya kweli yamegandia nyuma. Nikautia kwenye bahasha, nikaandika anwani ya Oregon. Ikabaki kuandika kitu cha kufuatana nao, na mimi, mwalimu wa lugha wa miaka arobaini, nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Kila nilichoandika kilikuwa kinajitetea. Nilichana karatasi tano.

Mwishowe niliandika hivi: "Maribeth, zilikuwa saba. Nije?"

Hata hilo neno la mwisho nimeliiba kwenye hadithi, ila safari hii sikubadilisha herufi. Nikashuka ngazi na goti langu, nikaitia bahasha sandukuni, nikainua kibendera chekundu cha ubavuni mwake ili mtu wa posta asimame aichukue.